Edi Hila: Mchoraji Aliyeadhibiwa kwa Picha ya Upandaji Miti

Edi Hila ni mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Albania, aliyezaliwa mwaka 1944 katika mji wa Shkodër, kaskazini mwa nchi hiyo. Jina lake limefungamana na picha moja aliyoichora akiwa bado kijana, Mbjellja e pemëve, yaani Upandaji wa Miti. Ndani ya picha hiyo vijana wanapanda miti, basi. Hakuna kiongozi aliyedhihakiwa wala adui aliyesifiwa. Hata hivyo, picha hiyo ilimponza: alipoteza kazi yake na kupelekwa kubeba magunia katika kiwanda cha kuku. Kisa hicho kinaonesha jinsi watawala wa Albania walivyokuwa wakisoma picha. Kinaonesha pia chanzo cha kazi zake za baadaye, ambamo kitu cha kawaida kama nyumba, barabara au hema hubeba maana kubwa bila kuandikiwa kauli mbiu.

Shkodër na chimbuko la uchoraji

Shkodër upo kando ya ziwa lenye jina hilohilo, karibu na mpaka wa Montenegro. Kwa karne nyingi ulikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, lakini wafanyabiashara wake walikuwa na uhusiano wa karibu na miji ya ng'ambo ya bahari ya Adria, hasa Venice. Waislamu na Wakatoliki waliishi pamoja mjini humo, na bidhaa, vitabu na mafundi viliingia kutoka pande zote mbili. Katika miaka ya 1850 mhamiaji wa Kiitaliano, Pietro Marubi, alifungua huko studio ya kupiga picha ambayo hazina yake ya picha imehifadhiwa hadi leo.

Studio ya Marubi ilikuwa pia shule. Miongoni mwa vijana waliojifunza kwake alikuwamo Kolë Idromeno, aliyezaliwa mwaka 1860 na baadaye kuwa mchoraji, mpiga picha na msanifu wa majengo. Idromeno alikwenda kusoma Venice, akarudi nyumbani, na mwaka 1883 akachora picha ya dada yake iitwayo Motra Tone, yaani Dada Tone. Mwanamke huyo amevaa mavazi ya mjini Shkodër, kichwani amejitanda mtandio mweupe, na macho yake yanamkabili mtazamaji moja kwa moja. Waalbania huitaja picha hiyo kama Mona Lisa wao. Wanahistoria wa sanaa wanaipa uzito kwa sababu nyingine: ni miongoni mwa kazi za mwanzo nchini humo ambamo mtu wa kawaida, wala si mtakatifu wa kanisani, alichorwa kwa ajili yake mwenyewe.

Albania ilijitangazia uhuru mwaka 1912, lakini kwa takriban miaka 20 haikuwa na shule ya sanaa. Aliyetaka kuwa mchoraji ilimbidi avuke bahari kwenda Italia au aende Romania, kama alivyofanya Vangjush Mio wa mji wa Korçë aliyesoma Bucharest na Roma. Shule ya kwanza, iliyoitwa kwa urahisi tu Shule ya Kuchora, ilifunguliwa Tirana mwaka 1931 kwa juhudi za mchoraji Andrea Kushi na mchongaji Odhise Paskali. Vita vya Pili vya Dunia viliikatisha. Mwaka 1946 serikali mpya ya kikomunisti ilianzisha sekondari ya sanaa mjini Tirana na kuipa jina la Jordan Misja, mpiganaji aliyeuawa mjini Shkodër mwaka 1942.

Baada ya hapo wanafunzi bora walipelekwa Umoja wa Kisovieti na nchi nyingine za Ulaya Mashariki. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1961, Albania ilipovunja uhusiano na Moscow na kuwaita wanafunzi wake warudi. Hila aliingia masomo ya juu ya sanaa mjini Tirana katika miaka hiyohiyo ya 1960. Kwa hiyo ni wa kizazi kilichofundishwa nyumbani kabisa, na walimu waliosoma nje, ndani ya nchi iliyokuwa ikizidi kujifungia. Vitabu vya sanaa ya kisasa ya Magharibi vilikuwa adimu, na kuvimiliki kulikuwa hatari. Kijana aliyependa rangi alijua kuna dunia nyingine ya uchoraji, lakini aliifahamu kwa vipande: ukurasa mmoja, picha moja iliyonakiliwa vibaya, simulizi za mwalimu aliyebahatika kusafiri.

Kanuni za picha chini ya Enver Hoxha

Enver Hoxha alitawala Albania tangu mwisho wa mwaka 1944 hadi kifo chake mwaka 1985. Chini yake, sanaa ilikuwa na njia moja iliyoruhusiwa, uhalisia wa kijamaa, mfumo ulioasisiwa katika Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1930. Albania ilikosana na Yugoslavia mwaka 1948, na Wasovieti mwaka 1961, na China mwaka 1978, lakini kanuni hiyo ya sanaa haikuguswa. Badala yake ilizidi kukazwa kila rafiki mmoja alipoondoka.

Kwa mchoraji, kanuni hiyo ilikuwa na masharti yaliyoeleweka vizuri. Picha ilitakiwa ifuate msimamo wa chama. Ilitakiwa ieleweke na mfanyakazi bila mkalimani. Zaidi ya yote, ilitakiwa ioneshe maisha si jinsi yalivyo bali jinsi yanavyopaswa kuwa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Tornitorja, picha ya Zef Shoshi ya mwaka 1969, inayomwonesha msichana fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Amesimama wima, uso wake umejaa kujiamini, na mwanga unamwangukia kana kwamba umetumwa kwake. Mtazamaji hana haja ya kujiuliza chochote: mwanamke amekuwa mfanyakazi, na kiwanda kimemfanya awe huru.

Katika mfumo huo kila kitu ndani ya picha kilikuwa ishara. Bunduki mgongoni mwa mkulima ilimaanisha ulinzi wa taifa, sururu mkononi ilimaanisha kazi, nguzo ya umeme kijijini ilimaanisha maendeleo, na rangi nyekundu haikuhitaji maelezo. Wachoraji walijua kamusi hiyo, na wakaguzi waliijua kuliko wao. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Huko mwenye macho aliambiwa atazame nini, na aone nini ndani yake.

Mada ya kazi za kujitolea ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Waalbania waliziita aksion, na zinafanana kwa kiasi fulani na msaragambo: vijana walikusanywa kutoka shuleni na viwandani wakapelekwa kujenga reli, kuchimba mifereji au kukata matuta milimani. Reli ya kwanza ya abiria nchini, kutoka Durrës hadi Peqin, ilijengwa kwa namna hiyo na kukamilika mwaka 1947. Kusini, milima inayotazama bahari ya Ionia ilikatwa matuta na kupandwa mizeituni na michungwa. Kuchora vijana wakipanda miti, kwa hiyo, kulikuwa ni kuchagua mada salama kabisa.

Upandaji wa Miti

Hila alichora Upandaji wa Miti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kipindi hicho kilikuwa na ulegevu kidogo. Televisheni ya taifa ilikuwa imeanza matangazo ya kila siku, antena za mijini zilinasa mawimbi kutoka Italia, na vijana walianza kuachia nywele na kufupisha sketi. Baadhi ya viongozi wa utamaduni waliamini kwamba sanaa ya kijamaa inaweza kuvumilia sura mpya. Wachoraji wachache walijaribu kuona mpaka uko wapi.

Hila alijaribu mpaka huo kwa rangi na mwendo. Katika picha yake vijana wako kazini, lakini miili yao ni miepesi kama ya wacheza ngoma. Rangi si za udongo na jasho. Ni laini, zenye kung'aa, na hazijali sana kama kitu halisi kina rangi hiyo au la. Furaha iliyomo haimwelekei mtu wala bendera. Kila kijana anaonekana kuwa na furaha yake mwenyewe, na kazi yenyewe inakaribia kuwa mchezo.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Uhalisia wa kijamaa ulidai furaha, na Hila aliitoa kwa wingi. Lakini furaha iliyotakiwa ilikuwa na anwani: ilipaswa kuelekezwa kwa chama, kwa mpango wa miaka mitano, kwa kesho iliyoahidiwa. Furaha ya picha hii haikuwa na anwani hiyo. Ilitoka kwenye ujana, kwenye hewa, na kwenye raha ya mchoraji mwenyewe ya kuweka rangi moja kando ya nyingine. Mkaguzi aliyezoea kusoma ishara alitafuta ishara alizozijua na hakuzipata mahali pake. Mada ilikuwa halali, ila namna ya kuichora ilionesha kwamba jicho la mtu mmoja linaweza kuwa na uhuru wake hata ndani ya mada iliyoagizwa.

Tukio la mwaka 1973

Ulegevu huo ulikomeshwa ghafla. Desemba 1972 lilifanyika Tamasha la 11 la Nyimbo la redio na televisheni. Mapambo ya jukwaa, mavazi na mitindo ya uimbaji vilikuwa vya kisasa kuliko ilivyozoeleka, na watazamaji wengi walifurahi. Hoxha hakufurahi. Aliona humo mkono wa utamaduni wa kigeni, na Juni 1973 Kikao cha Nne cha Kamati Kuu ya chama kiliitishwa kupambana na kile kilichoitwa athari za kigeni na ulegevu wa kiitikadi. Todi Lubonja, mkurugenzi wa redio na televisheni, na Fadil Paçrami, mwandishi wa tamthilia na kiongozi wa chama, waliandamwa, kisha wakafungwa kwa miaka mingi.

Msako ukaenea katika kila utanzu wa sanaa. Kazi zilizokuwa zimeoneshwa hadharani na hata kusifiwa zilitazamwa upya. Edison Gjergo, aliyechora Epika e yjeve të mëngjesit, Utenzi wa Nyota za Asubuhi, mwaka 1971, alituhumiwa kuingiza mbinu za Magharibi kwa sababu maumbo ya picha hiyo yalikuwa yamekatwakatwa na rangi zake kuwa za kiza. Alifungwa jela. Maks Velo, msanifu wa majengo na mchoraji, alikamatwa mwaka 1978, akahukumiwa miaka 10, akapelekwa katika gereza la Spaç ambako wafungwa walichimba madini. Sehemu kubwa ya kazi zake iliteketezwa.

Hila wakati huo alikuwa akifanya kazi televisheni kama mbunifu wa mapambo ya studio, mahali palepale ambapo tufani ilianzia. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nafasi ambayo Waalbania wachache waliipata: alipelekwa Florence, Italia, kwa mafunzo, akaona kwa macho yake picha za ukutani za mabwana wa kale na maisha ya mji wa Ulaya Magharibi. Mtu aliyetoka huko, mwenye kazi televisheni na picha yenye rangi zisizoeleweka, hakuwa na pa kujificha. Upandaji wa Miti ukashutumiwa kwamba umepotosha uhalisia, na mchoraji wake akaondolewa kwenye kazi ya sanaa.

Kiwanda cha kuku

Adhabu ya Hila ilikuwa nyepesi ikilinganishwa na ya Gjergo au Velo. Hakufungwa. Alipelekwa kufanya kazi ya mikono katika kiwanda cha kuku, ambako alibeba na kupakia magunia kwa miaka kadhaa. Utaratibu huo ulikuwa wa kawaida katika nchi za kikomunisti: msomi aliyekosea alirudishwa kwa wafanyakazi ili, kwa lugha ya chama, afundishwe upya na maisha.

Baada ya saa za kazi alichora kwa siri. Michoro hiyo ya katikati ya miaka ya 1970 ni midogo, imefanywa juu ya karatasi, na haina lolote la rangi za awali. Inawaonesha watu wa kiwandani na mazingira yao. Mtu aliyeyajua mabango ya wakati huo angeona haraka kilichokosekana. Katika mabango mfanyakazi ni mrefu, kifua mbele, macho kwenye upeo. Katika michoro ya kiwanda cha kuku mfanyakazi ni mtu aliyechoka.

Kwa maana moja Hila alikuwa ametimiza sharti la chama: alikwenda kwa wafanyakazi na kuyatazama maisha yao kwa karibu. Lakini alichokiona kilikuwa kile ambacho kanuni ilikataza kuonesha. Ndiyo maana michoro hiyo ilibaki imefichwa, ikaja kujulikana na watazamaji miongo kadhaa baadaye. Leo wataalamu wanaihesabu kuwa miongoni mwa kumbukumbu chache za maisha ya kazi katika Albania ya Hoxha zilizochorwa papo hapo bila kuagizwa na mtu.

Kipindi hicho kilibadilisha pia namna yake ya kuchora. Kabla ya adhabu, maana ya picha ilikuwa katika nderemo ya rangi. Baada yake maana ilihamia kwenye kimya: mambo machache, yaliyowekwa wazi, yaliyoachwa yajieleze. Rangi za picha zake za miaka ya baadaye ni kavu na zilizopauka kama za chokaa ukutani, na mara nyingi pana nafasi tupu kubwa kuzunguka kitu kimoja tu.

Mwalimu katika miaka ya mpito

Hoxha alifariki Aprili 1985. Utawala uliendelea chini ya Ramiz Alia, lakini misingi ilikuwa imelegea. Desemba 1990 wanafunzi wa Tirana waliandamana. Februari 20, 1991 umati uliiangusha sanamu ya Hoxha katika Uwanja wa Skanderbeg. Na Machi mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Agosti 1991 meli Vlora iliondoka bandari ya Durrës kwenda Bari, Italia, ikiwa imebeba watu wapatao 20,000 waliojazana hadi juu ya milingoti.

Katika miaka hiyo ya mageuzi Hila alikuwa mwalimu wa uchoraji katika Chuo cha Sanaa cha Tirana. Kazi ya kufundisha ilikuwa na ugumu wa aina yake. Kanuni ya zamani ilikuwa imekufa, lakini hapakuwa na nyingine ya kushika nafasi yake. Walimu wenyewe walikuwa wamelelewa na mfumo ule ule. Maktaba hazikuwa na vitabu vya sanaa ya karne ya 20. Wanafunzi walitaka kujua kila kitu kwa mara moja, na wengi wao walikuwa wakiwaza namna ya kuondoka nchini.

Wawili kati ya wanafunzi wa Hila walipata majina makubwa duniani. Adrian Paci, aliyezaliwa Shkodër mwaka 1969, alihamia Italia mwaka 1997 na kujulikana kwa video na picha zinazohusu uhamaji. Katika kazi yake ya mwaka 2007, Centro di permanenza temporanea, watu wanapanda ngazi ya ndege kwenye uwanja wa ndege hadi ngazi inajaa. Kamera inaporudi nyuma, mtazamaji anagundua kwamba hakuna ndege. Anri Sala, aliyezaliwa Tirana mwaka 1974, alitengeneza mwaka 1998 filamu Intervista. Katika filamu hiyo amekuta mkanda wa zamani unaomwonesha mama yake akizungumza katika mkutano wa vijana wa kikomunisti, lakini sauti haipo. Anawaendea viziwi wanaosoma midomo, wanamrudishia maneno, na mama anashangaa kusikia aliyoyasema. Mwaka 2013 Sala aliiwakilisha Ufaransa katika maonyesho ya Venice.

Wanafunzi hao hawakuiga rangi za mwalimu wao, na wote wawili walijulikana zaidi kwa video kuliko kwa brashi. Undugu wa kazi zao na zake uko katika njia ya kufikiri. Ngazi isiyo na ndege ni kitu cha kawaida kilichowekwa mahali ambapo maana yake inageuka. Vivyo hivyo midomo isiyo na sauti. Mwalimu aliyekuwa ameadhibiwa kwa jinsi picha yake ilivyosomwa alikuwa na sababu ya kuwafundisha vijana wasome kwa makini kinachoonekana na kisichoonekana.

Ishara za nchi inayobadilika

Hila mwenyewe alirudi kwenye uchoraji kwa nguvu katikati ya miaka ya 1990. Mazingira yalimpa mada. Baada ya miaka 45 ya nyumba za serikali, kila aliyepata fedha alijenga. Vibanda na migahawa viliota kando ya mto Lana katikati ya Tirana. Mashambani yalisimama majumba ya ghorofa mbili yenye vyuma vilivyochomoza juu ya paa, vikisubiri ghorofa ya tatu pindi mtoto aliyeko Italia au Ugiriki atakapotuma fedha. Juu ya vyuma hivyo wenyewe hutundika mwanasesere au sanamu ya matambara kufukuza kijicho. Nyumba ilikuwa tayari ishara kabla mchoraji hajaigusa: ilibeba tamaa, hofu na wasifu wa familia nzima.

Kisha ikaja balaa ya upatu. Makampuni yaliyoahidi faida kubwa kila mwezi yalikusanya akiba za kaya nyingi; watu waliuza nyumba na mifugo ili waweke fedha humo. Mwanzoni mwa mwaka 1997 makampuni hayo yaliporomoka. Wananchi walivamia maghala ya silaha, serikali ikapoteza udhibiti wa sehemu kubwa ya kusini, na watu wapatao 2,000 waliuawa. Mwaka huohuo Hila alianza mfululizo wa picha alioupa jina la Starehe. Kwa mtu aliyekuwa Tirana mwaka ule, jina hilo lilikuwa na uchungu wake.

Mifululizo mingine ilifuata katika muongo uliofuata, mmoja ukiitwa Kinyume na mwingine Vitisho. Wahakiki huiita njia yake uhalisia wa kinyume, kwa maana kwamba kila kilichomo kipo kweli mtaani, lakini jinsi kilivyowekwa hufanya kisiaminike. Barabara iko tupu kupita kiasi. Kitu kimesimama pembeni bila kuonesha ni cha nani. Watu, wanapokuwapo, wamegeuza mgongo au hawana sura za kutambulika. Hakuna tukio linaloendelea, ila mtazamaji anahisi kwamba tukio limepita au linakaribia.

Mfululizo wa Penthouse wa mwaka 2013 unaonesha njia hiyo kwa uwazi. Nyumba ndogo za kifahari zimeketi juu ya majengo mazito ya kijivu yanayofanana na misingi ya sanamu. Miji ya Albania ilijaa ujenzi wa aina hiyo, wa tajiri kuweka makazi yake juu ya paa la wengine, na mpita njia alikwisha kuuzoea. Mchoraji ameondoa majirani, magari na nyaya za umeme. Kilichobaki ni uhusiano wa vitu viwili: kilicho juu na kinachokibeba. Utajiri unaonekana kama mnara wa kumbukumbu ambao haumkumbuki yeyote.

Bulevardi

Mwaka 2015 Hila alikamilisha mfululizo unaohusu barabara kuu ya Tirana, Dëshmorët e Kombit, Bulevardi ya Mashahidi wa Taifa. Barabara hiyo ni kitabu cha historia ya siasa kilichoandikwa kwa mawe. Wizara zilizo upande wa kaskazini zilisanifiwa na Mwitaliano Florestano Di Fausto wakati wa Mfalme Zog. Italia ya Mussolini ilipoivamia nchi Aprili 1939, msanifu Gherardo Bosio alibuni sehemu ya kusini, pamoja na makao ya chama cha kifashisti ambayo sasa ni chuo kikuu cha ufundi. Wakomunisti walipoingia hawakubomoa. Walihamia katika ofisi hizohizo, wakatumia barabara hiyohiyo kwa gwaride la Mei Mosi, na baadaye wakaongeza ya kwao: Jumba la Mikutano mwaka 1986 na Piramidi, jumba la makumbusho ya Hoxha, mwaka 1988. Serikali za baada ya mwaka 1991 nazo zimebaki hapohapo.

Katika picha za Hila majengo hayo yanatazamwa bila umati, bila bendera na bila gwaride, katika rangi za kijivu na vumbi. Kuta ni kubwa na milango ni mizito. Zikiondolewa alama zote za utawala fulani, kinachobaki ni umbo la utawala wowote. Picha hizo hazimtuhumu mtu kwa jina, kama vile Upandaji wa Miti haukumtuhumu mtu. Tofauti ni kwamba mchoraji wa mwaka 2015 alijua vizuri ni nani atakayezisoma na kwa namna gani.

Utambuzi wa kimataifa ulimfikia akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 2017 alishiriki documenta 14, maonyesho makubwa ya sanaa yaliyofanyika Athens na Kassel. Mwaka 2018 Jumba la Sanaa ya Kisasa la Warsaw, nchini Poland, liliandaa maonyesho ya kazi zake za miongo mingi. Poland nayo imepitia ukomunisti na mageuzi yaliyofuata, hivyo watazamaji wake hawakuhitaji kuelezwa sana.

Upandaji wa Miti haukuteketezwa. Ulihifadhiwa na taifa lilelile lililoushutumu, na leo ni miongoni mwa picha zinazotajwa kwanza kila inapozungumzwa sanaa ya Albania ya miaka ya 1970. Maonyesho ya Warsaw yalifika Tirana mwaka huohuo wa 2018, yakapokewa katika Galeri ya Taifa ya Sanaa, jengo lililo kando ya Bulevardi ya Mashahidi wa Taifa.